Kilwa Kisiwani kwa Kuongozwa: Tathmini ya Ziara ya Magofu na Kijiji

Ziara ya kuongozwa katika kijiji cha Kilwa Kisiwani ni huduma ninayoipendekeza bila kusita kwa yeyote aliyewahi kusoma jina la Kilwa katika kitabu cha historia cha shule na kuishia hapo. Naipendekeza kwa masharti mawili: mgeni atenge siku nzima, na aongozwe na mtu aliyezaliwa kisiwani au aliyekaa humo muda mrefu. Masharti hayo yasipotimizwa, ziara hugeuka kuwa matembezi ya kupiga picha mbele ya kuta zilizobomoka, na mgeni hurudi bara akiwa amekariri majina ya masultani bila kuelewa ni nani aliyechonga mawe yale, ni nani aliyeyabeba, na kwa nini mji uliotawala biashara ya dhahabu ya pwani ya kusini leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima.

Kisiwa kipo katika Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita Nangurukuru, na hapo ndipo msafiri anapoiacha barabara kuu na kushika njia ya Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya. Anayefika kwa mara ya kwanza ayatofautishe mapema maeneo matatu yanayobeba jina hilo. Kilwa Masoko ni mji wa utawala wa sasa, na ndiko ziara inakoanzia. Kilwa Kivinje, iliyoko kaskazini, ilistawi katika karne ya 19 kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kisha ikawa kituo cha utawala wa Wajerumani. Kilwa Kisiwani ndiyo Kilwa ya kale yenyewe, na kibali cha kuitembelea hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, si kisiwani. Taratibu hizi hazikutuchosha. Tulihudumiwa kwa heshima, tukapewa stakabadhi na kukutanishwa na mwongozaji.

Lililotukwaza lilikuwa mashua. Mtu tuliyepatana naye kutuvusha hakutueleza chochote kuhusu maji kupwa na kujaa, na tulipokuwa bado katikati ya matembezi alianza kutuhimiza turudi, kwa kuwa alikuwa na abiria wengine wa kuwachukua. Katika kisiwa ambacho kila kitu hupangwa kwa kufuata maji, mgeni ana haki ya kuambiwa mapema saa ya kuvuka, saa ya kurudi, na ni sehemu gani atalazimika kuziacha iwapo atachelewa. Nashauri mapatano ya mashua yafanyike mbele ya mwongozaji, na itamkwe waziwazi kwamba safari ni ya siku nzima pamoja na Husuni Kubwa, kasri la kale lililo mbali na magofu mengine. Nitaeleza sababu baadaye.

Kuvuka kwenyewe si safari ndefu, maana mlango wa bahari baina ya Masoko na kisiwa hauzidi sana kilomita mbili, lakini ni sehemu ya somo. Ukiwa katikati ya maji ndipo unapoelewa kwa nini mji ulijengwa pale. Bandari ya Kilwa ni ya asili, ina kina, na imekingwa na visiwa pamoja na mikoko. Chombo kilichokuja na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi au Bara Hindi kiliweza kutia nanga kwa usalama na kusubiri kusi ili kirudi. Kwa vyombo vya nchi hizo, Kilwa ilikaa karibu na ukomo wa safari iliyowezekana kwenda na kurudi katika msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyo kusini zaidi, katika Msumbiji ya leo, ilibidi ipite mikononi mwa watu wa Kilwa, na humo ndimo utajiri wote ulimotoka. Mwongozaji wetu alilieleza jambo hili tukiwa bado chomboni, akionyesha kwa mkono upande pepo zinakotokea, na sijapata kusikia maelezo ya biashara ya pepo za msimu yaliyo wazi kuliko hayo.

Jengo la kwanza kumpokea mgeni ni Gereza, ngome iliyosimama kando ya maji ikiwa na minara miwili kwenye pembe zinazokabiliana na mlango wa mbao uliochongwa. Watu wengi huiita ngome ya Wareno na kuishia hapo, na hiyo ni nusu tu ya habari. Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka na kuupora mji mwezi Julai 1505, wakajenga ngome mahali hapo, na kufikia mwaka 1512 walikuwa wamekwisha kuondoka. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya enzi za Waarabu wa Omani, ya mnamo mwaka 1800. Mwongozaji alitenganisha vipindi hivi viwili kwa uangalifu, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alitusogeza hadi ukutani na kututaka tuangalie kwa karibu: jiwe la tumbawe lenye vijitundu vilivyopangika kama sega la nyuki, na chokaa ambayo ndani yake bado unaona vipande vya makombe. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, kuyaacha yalainike, kisha kuyachanganya na mchanga na maji. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari bapa, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu kupita kiasi, vyumba vya nyumba za kale za pwani yote ni vyembamba. Kwa maelezo hayo mafupi tulikuwa tumepewa namna ya kuyasoma magofu yote yaliyofuata.

Msikiti Mkuu ndio moyo wa ziara, na usikubali kuharakishwa hapo. Una sehemu mbili za nyakati tofauti, na mwongozaji mzuri atakusimamisha pale zinapokutana. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi. Ilianza kujengwa katika karne ya 11, ikiwa na nguzo tisa zilizobeba paa bapa, na ukubwa wake ulitosha mji ambao bado ulikuwa ukijikusanyia mali. Sehemu ya kusini ni ya mji uliokwisha kutajirika. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa makuba na mapaa ya tao, ikaporomoka, kisha ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane zilizofanywa kwa mawe na chokaa. Ukisimama katikati ya nguzo hizo na kutazama juu, unaona baadhi ya makuba bado yamefunga na mengine yameachia anga. Ni mahali penye utulivu mkubwa, lakini utulivu huo usimfanye mtu asahau kwamba pale pana hesabu: uzito wa kuba unapita wapi, tao linausukuma ukuta kiasi gani, na kwa nini mafundi wa mara ya pili hawakurudia nguzo za jiwe moja zilizotumiwa na waliowatangulia. Kando ya msikiti kuna kisima, birika na mahali pa kutawadhia, pamoja na mawe ya kusugulia miguu ambayo mtu yeyote aliyelelewa karibu na msikiti wa kale wa pwani atayatambua mara moja.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Sultani wa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Waongozaji wote hukisimulia kisa chake, na kinastahili kusimuliwa: fakiri mmoja kutoka Yemen alimkabili Sultani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa, na Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Simulizi tuliyopewa sisi iliishia hapo, na watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Habari ya Ibn Battuta haiishii hapo. Mtoto wa Sultani alizirudisha nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani alipoona jinsi watu walivyomshukuru, aliamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Naliweka jambo hili wazi kwa sababu ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu ziara nzima. Maelezo kuhusu mawe ni bora, kuhusu dhahabu ni mazuri, lakini yakifika kwa watu waliouzwa hupungua hadi kuwa sentensi moja. Ukarimu wa Sultani ulipimwa kwa binadamu, na mgeni anayesikia nusu ya kisa hawezi kulijua hilo. Upungufu huo unazidi kuonekana tunapofika karne ya 18. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, waliopelekwa katika mashamba ya visiwa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Baadhi ya majengo tunayoyapita, ikiwemo ngome ya ndani ya Makutani kwa namna ilivyopanuliwa katika karne hiyo, yalisimama kwa fedha za aina hiyo. Mwongozaji wetu alipoulizwa alijibu kwa ukweli na kwa kirefu, kumbe anayajua. Alisema wageni wengi hawaulizi, na wengine hukunja uso. Kwa maoni yangu habari hii haipaswi kusubiri swali. Mwanafunzi anayeletwa hapa na shule yake anatakiwa aisikie akiwa amesimama mbele ya ukuta wenyewe, kwa lugha anayoielewa, kutoka kwa mtu wa hapo.

Karibu na Msikiti Mkuu kuna Nyumba Kubwa, ambayo imebaki kuta na kaburi moja uani, na mbele kidogo kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15. Huu wa pili ndio uliohifadhika kuliko majengo yote ya kale kisiwani. Mgeni asiye na muda wa kutosha wa kuutafakari Msikiti Mkuu atapata hapa, kwa udogo, jinsi ule mkubwa ulivyokuwa ukionekana paa lilipokuwa zima. Ingia, nyamaza kidogo, tazama kibla, kisha inua macho. Msikiti wa Jangwani na ule wa Malindi, nao wa karne ya 15, imeharibika zaidi na haihitaji kusimama sana, isipokuwa kwa anayependa makaburi, maana pembeni mwa Malindi yapo yaliyojengwa kwa ufundi. Makutani tuliyapita kwa haraka. Kuta zake ni ndefu na zinaeleza vizuri hofu ya watawala wa zama za mwisho, lakini bahari imekwisha kula upande mmoja na mpangilio wa ndani haueleweki kwa urahisi bila mchoro. Mwongozaji angekuwa na ramani ndogo ya jengo mkononi, hata ya karatasi, ingesaidia sana.

Sasa nifike Husuni Kubwa, ambako ziara fupi za nusu siku huwa hazifiki, na ndiyo sababu nasisitiza siku nzima. Kasri hili lipo mashariki mwa kijiji, kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka kwenye misikiti, juu ya jabali linaloitazama bahari. Njia inapita katikati ya mashamba ya mihogo na minazi, jua ni kali na kivuli ni haba, na mtu aliyechoka atashawishika kusema kwamba amekwisha kuona magofu ya kutosha. Asikubali. Al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule wa kisa cha nguo, ndiye anayehusishwa na ujenzi wake mwanzoni mwa karne ya 14, na maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe yenye jina lake yalipatikana hapo. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, ua wa baraza lenye ngazi za kukalia, ua mkubwa wa upande wa kusini uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala, na ngazi za kuteremkia ufukweni. Katikati ya hayo yote kuna birika la kuogelea lenye pande nane.

Birika hilo lilinishika kuliko kitu kingine chochote. Kingo zake zimekatwa kwa ustadi, na pembeni mna nafasi za mtu kukaa huku miguu ikiwa majini. Kisha unajiuliza maji yalifikaje. Tupo juu ya jabali, kisiwa hakina mto, na maji matamu yanatoka visimani. Kulijaza birika kama lile kulihitaji watu wengi kupanda na kushuka na mitungi kwa muda mrefu. Hapa mwongozaji wetu alifanya jambo ninalomshukuru mpaka sasa: hakusema neno, alituacha tuhesabu wenyewe mitungi. Kwa ushahidi wa wachimbuaji wa mambo ya kale, kasri lenyewe halikumalizika kujengwa na lilikaliwa kwa kipindi kifupi tu kabla ya kuachwa. Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya bonde dogo, ipo Husuni Ndogo, uzio wa mstatili wenye kuta nene na minara, ambao wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wa kazi gani. Mwongozaji alitaja dhana zaidi ya moja bila kujifanya ana jibu, na huo ni uaminifu ambao sikuzoea kuukuta katika ziara za mambo ya kale.

Pale Husuni ndipo pia alipozungumzia sarafu, na alizungumza kwa fahari inayostahili. Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba, na moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe katika Zimbabwe ya leo, huko bara dhahabu ilikotoka. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tano kati ya hizo zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, hakuna anayejua kwa hakika. Nilimwongezea habari ya Lisbon, naye akasema ataiingiza katika maelezo yake: mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno, na kwa dhahabu hiyo kilitengenezwa chombo cha ibada cha kanisani, Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho hadi leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya Lisbon. Dhahabu iliyopita katika bandari ile tuliyoivuka asubuhi bado ipo, inang'aa, na ina anwani.

Kuhusu asili ya mji, ziara ina udhaifu unaorekebishika. Kuna habari mbili zinazofanana na waongozaji huzichanganya. Ya kwanza imo katika Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, ambayo pia ilimfikia mwanahistoria Mreno João de Barros; humo, Ali bin al-Hasan anakuja kutoka Shiraz, mji wa Uajemi, na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Ya pili ni simulizi ya wenyeji iliyoandikwa kwa Kiswahili wakati wa Wajerumani, na humo mwenyeji ana jina: Mrimba, mkuu wa watu waliokuwa wakiishi kisiwani, ambaye Mshirazi Ali bin Selimani alimwoa binti yake kabla ya kutandika nguo hadi bara. Tofauti ni kubwa. Katika habari ya kwanza kisiwa kinanunuliwa. Katika ya pili kuna ukwe, kuna mke, na watoto wanaozaliwa ni wa pande zote mbili. Wachimbuaji, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi kubwa hapa katika miaka ya 1960, walikuta chini ya mji wa mawe makazi ya watu wa kawaida wa pwani waliojenga kwa udongo na miti, wakivua na kufua chuma karne kadhaa kabla ya misikiti. Nao utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mabaki ya watu wa kale wa miji ya pwani pamoja na Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara, ulionyesha kwamba kuanzia mnamo mwaka 1000 hivi wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Simulizi ya Mrimba haikuwa mbali na ukweli huo. Ningependa waongozaji waitangulize hiyo, kwa jina lake, badala ya kuanza kila mara na merikebu kutoka Shiraz.

Hilo linanipeleka kwenye kijiji chenyewe, ambacho ziara nyingi hukipita kana kwamba ni njia tu ya kufikia magofu. Nyumba za udongo na makuti zimesimama katikati ya kuta za karne nyingi, watoto wanakatiza uani mwa misikiti ya kale wakirudi shule, na maji yanapokupwa wanawake huonekana mbali wakiokota chaza. Ni watu hawa wanaofyeka vichaka vinavyopenyeza mizizi kwenye kuta, na mafundi wa kisiwani ndio waliofundishwa kukarabati kwa chokaa badala ya saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tumbawe na hulipasua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kutokana na mmomonyoko wa bahari na uchakavu, na zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilipita mikononi mwa wanakijiji. Mwongozaji aliyezaliwa pale hakuambii tu ukuta ulijengwa lini. Anakuonyesha sehemu aliyoishikilia mjomba wake ilipokuwa ikizibwa. Anakusalimisha kwa wazee, na unapopiga hodi kwa adabu unakaribishwa kukaa. Sisi tulikaribishwa madafu, tukakaa kivulini na mzee mmoja aliyetaka kujua habari za bara kabla ya kutupa za kisiwani, na katika mazungumzo hayo nilijifunza kuhusu kutoweka kwa ufukwe wa zamani mambo ambayo hakuna bango lililoyaandika.

Kwa upande wa bei sitataja kiasi, kwa kuwa viwango hubadilika na tofauti baina ya mwananchi na mgeni wa nje ni kubwa. Uliza ofisini Masoko, ulipe hapo na udai stakabadhi. Malipo ya mashua na ya mwongozaji yaulizwe kila moja peke yake, ili ujue ni nini kinabaki kisiwani. Vaa nguo za heshima, kwa kuwa hiki ni kijiji cha Waislamu na majengo mengi utakayoyaingia ni nyumba za ibada hata kama hayasaliwi tena. Chukua kofia, viatu vya kufunga na maji ya kunywa ya kutosha. Usipige watu picha bila ruhusa yao. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia ya Husuni Kubwa huteleza na nyasi hufunika kuta za chini, kwa hiyo miezi ya Juni hadi Oktoba ni bora, ingawa kusi linaweza kuifanya mashua ya tanga iyumbe zaidi ya baadhi ya watu wanavyopenda. Wazee na watu wenye matatizo ya magoti wataweza kuona Gereza, Msikiti Mkuu na Msikiti Mdogo wa Kuba bila taabu kubwa, na wasijilaumu kwa kuiacha Husuni.

Wapo wanaouza ziara ya siku moja inayounganisha Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Siipendekezi. Songo Mnara, kisiwa cha kusini chenye mji wa mawe ulioanza mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 16, kina nyumba za watu wa kawaida wenye nacho ambazo mpangilio wake unaonekana wazi kuliko wa Kilwa: mabaraza, vyumba vya ndani, visima, makaburi katikati ya mji. Kinahitaji mashua yenye injini, mpango wa maji unaoeleweka, na utayari wa kushuka na kutembea kwenye maji ya magoti katikati ya mikoko kabla ya kufika nchi kavu. Kitengewe siku yake, na mwongozaji aulizwe mapema kama amewahi kufika huko mwenyewe.